Msoma Mita Apata Msomaji

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kumi na tisa tangu kitabu changu kipandishwe mtandaoni. Wasomaji: hakuna. Nimefungua simu kabla ya kunawa uso, nikafungua tena kazini nyuma ya tangi, nimefungua tena sasa. Duka la mtandaoni linampa kila mwandishi mstari wa kumwonyesha kurasa zilizosomwa kila siku. Wangu umelala chali.

Niweke kumbukumbu sawa, maana ipo siku watu watataka kujua. Mswada wa "Mita Haidanganyi" niliupeleka kwa Mchapishaji miaka mitatu na miezi miwili iliyopita. Kurasa mia mbili na kumi na mbili, bahasha ya kaki, kwa mkono wangu mwenyewe. Nikaambiwa upo mezani. Kila nikipiga simu, upo mezani. Hiyo meza sijui ina ukubwa gani. Mwezi uliopita nikachoka, nikaenda kwa fundi simu wa pale kona, tukaupandisha mtandaoni wenyewe kwa saa mbili, jalada na vyote. Jalada ni picha ya mita ya maji ya kwangu. Fundi alisema imetoka safi, ila inafanana na saa ya ukutani. Kisha nikamwandikia Mchapishaji barua kali kwamba nimejichapisha, abaki na meza yake.

Mama Watoto nilimtumia kiungo siku hiyo hiyo. Namwita mke wangu Mama Watoto ingawa mtoto ni mmoja, tulipanga zaidi. Yuko mji mwingine kwa binti yetu, alikwenda kumsaidia alipojifungua. Wiki sita, alisema. Huu mwezi wa nane. Alijibu ataangalia akipata nafasi.

Nimesoma mita ya hapa nyumbani. Mimi ni msoma mita wa idara ya maji, mwaka wa ishirini na sita, na yangu naisoma kama ya mteja mwingine yeyote. Februari: uniti tatu. Alipokuwepo: tisa.

Leo kwenye ngazi nimekutana na jirani yangu wa mlango wa mbele, Mwalimu Mkuu mstaafu. Yeye kitabu chake kilitoka kwa karatasi, kwa Mchapishaji huyo huyo: kumbukumbu za miaka arobaini ya ubao na chaki. Akaniuliza changu kinashikwaje. Akaongeza kwamba kitu usichoweza kukiweka chini ya mguu wa meza si kitabu. Nikacheka kwa heshima. Roho iliniuma mpaka nikafika chini.

Jumanne, 4 Machi

Umenyanyuka! Mstari umenyanyuka!

Kurasa kumi na tisa. Msomaji mmoja. Kati ya saa saba na saa nane mchana. Habari ilinikuta nimechutama kwenye shimo la mita, kitambaa mkononi, mbwa wa watu ananibwekea kisogoni. Nikamwacha abweke.

Nimempitia fundi simu. Akatazama, akasema huenda ni hitilafu tu, hizi namba wakati mwingine zinajichezea zenyewe. Nikamweleza taratibu, maana ni mtu mwema: mita ikizunguka, ndani kuna mtu. Akauliza je, bomba likiwa linavuja. Nikamwambia bomba linalovuja linavuja kutwa kucha, halipumziki saa nane kamili. Akarudi kwenye nyaya zake.

Sasa ni nani? Kiungo nilikituma kwa watu watatu tu. Fundi hasomi kitu kisicho na skrubu. Mkuu wangu wa kitengo alijibu kwa picha ya kidole gumba, na namjua, kidole gumba ndio mwisho wake. Anabaki mmoja.

Sikutaka kurukia mambo. Katika kazi yetu, ukikuta geti limefungwa na mita huioni, unaruhusiwa kukadiria: unabonyeza M, yaani makadirio, kwenye mashine ya mkononi, unaenda zako. Wenzangu wanabonyeza M wakiwa wamekaa kivulini. Mimi miaka ishirini na sita sijabonyeza M hata mara moja. Kwa hiyo nikampigia, nikauliza kwa mzunguko: mjukuu siku hizi analala saa ngapi? Akasema akishakula tu, saa saba mpaka saa nane, na ndiyo saa pekee anayopata yeye kushika simu.

Sikuuliza zaidi. Mtu ukimuuliza kama yuko ndani, atakujibu anavyotaka. Bora mita.

Alhamisi, 6 Machi

Jana kurasa ishirini na nne. Leo thelathini na moja. Saa ile ile.

Ukweli ni kwamba jana sikula kwa wasiwasi, na sababu ni ukurasa wa tisa. Kwenye ukurasa wa tisa namuua mke wa shujaa wangu. Shujaa ni msoma mita, mrefu, kifua kipana, na kwa mambo yanayomsubiri mbele ilibidi awe mjane. Homa ya siku mbili, tunazika, tunaendelea. Nilipoandika sikufikiria kwamba kuna mtu atasoma na kuhesabu mistari aliyopewa marehemu. Ni minne.

Lakini ameupita. Ameusoma na ameendelea mpaka ukurasa wa sabini na nne. Mwanamke mwenye moyo.

Jioni tumeongea dakika nane. Jino la pili la mjukuu limetoka. Mvua kwao imezidi. Kuhusu kitabu hakusema neno, na mimi nikajifanya hamnazo. Nilimwambia tu kwamba kazi zimenibana sana. Akasema vizuri, afadhali nina la kufanya. Baada ya kukata simu nimepiga deki sebule yote, hata chini ya kabati. Hakuna aliyeniambia.

Jumamosi, 8 Machi

Jana thelathini na nane. Leo sifuri. Bila shaka leo binti hayuko kazini, nyumba imejaa, Mama Watoto hapati upenyo. Kesho pia nategemea sifuri. Kila kitu kinaingia mahali pake.

Sifuri ya leo ilinifanya nikose utulivu, nikakubali chai kwa Mwalimu Mkuu. Kwa mara ya kwanza nimeketi sebuleni kwake. Kochi lake gumu ajabu. Nikainua shuka kidogo: maboksi. Kochi zima ni maboksi ya kitabu chake, nakala mia sita na kitu, yamepangwa vizuri na kufunikwa. Meza ya runinga pia. Nikamuuliza kwa upole kama yuko mtu amekisoma. Akasema kipo maktaba, kila mwananchi anaweza kukisoma. Alisema hivyo akitazama chai yake.

Nikaenda maktaba. Sikatai, nilikwenda kwa kijiba cha roho. Kipo kweli, rafu ya chini, na karatasi ya mihuri nyuma ni nyeupe kabisa. Ili nimwonyeshe mtu ushahidi ikabidi nikiazime. Mkutubi akapiga muhuri. Ndipo nikagundua kwamba karatasi si nyeupe tena.

Kitabu nimekiweka chini ya mguu wa meza ya jikoni. Kinafaa.

Jumanne, 11 Machi

Jana thelathini na moja, jumla mia moja arobaini na tatu. Leo sifuri.

Nimesubiri mpaka saa tisa, nikasubiri mpaka saa kumi. Nikazima simu nikaiwasha. Katika nyumba thelathini na mbili za leo nimesoma mita kwa jicho moja. Sifuri.

Nimerudi nyumbani nikafungua ukurasa wa 143. Nilijua. Kwenye ukurasa wa 143 shujaa anamkumbatia mwanamke wa duka la dawa. Mkumbatio wa aya tatu! Marehemu mkewe mistari minne, wa duka la dawa aya tatu, na kwa bahati mbaya nilimpa kicheko cha mkuu wangu wa kitengo, ambaye ni mwanamke na ambaye Mama Watoto hajawahi kumpenda.

Amefunga kitabu. Sina hali.

Jumatano, 12 Machi

Sifuri. Na leo, saa nne asubuhi, nikiwa nahangaika na kifuniko kilichoshika kutu, simu ya Mchapishaji. Miaka mitatu na miezi miwili!

Mwanamke, sauti ya upole, anakohoa kohoa. Alijitambulisha kuwa Mhariri na akaniita mzee wangu. Akasema wamekaa kikao na wangependa kuchapisha "Mita Haidanganyi" kwa karatasi. Kuna kazi ya kufanya, nyingi, lakini ipo hadithi. Sharti moja: cha mtandaoni nikishushe kabla ya Jumatatu, wao hawachapishi kitu ambacho tayari kiko sokoni.

Bisibisi ilinidondoka shimoni. Ndoto ya maisha yangu, nami nimesimama nusu mwili ardhini.

Kisha nikawaza: nikikishusha, Mama Watoto akirudi kukifungua atakuta mlango umefungwa. Ameishia 143, amekasirika, na kitabu kimetoweka. Atasema nimekimbia. Hatajua kilichofuata, na hatajua milele kwamba kilichofuata ningeweza kukibadilisha.

Nikamwambia Mhariri kwamba nina wasomaji, nao wako katikati. Aliuliza wangapi. Nikasema siwezi kutaja idadi. Akanipa mpaka Jumatatu.

Mwalimu Mkuu amenisimamisha mlangoni, uso umechanua. Amepita maktaba, kama anavyopita kila mwezi, na safari hii kitabu chake hakipo rafuni. Kimeazimwa! Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema miaka mitano alikuwa anamngoja mtu huyo, na hajui hata sura yake. Nilisema hongera, nikafunga mlango, nikakaa jikoni bila kuegemea meza. Masikini ya Mungu. Mtu mzima kujidanganya hivyo kwa muhuri mmoja.

Alhamisi, 13 Machi

Nimechukua ruhusa kazini. Nimesema tumbo.

Nimemfufua mke wa shujaa. Ukurasa wa 144: mlango unabishwa, shujaa anafungua, mkewe. Aliyezikwa ukurasa wa tisa alikuwa mwanamke mwingine; hospitali walichanganya. Mwanamke wa duka la dawa anahamishwa kikazi mstari huo huo.

Lakini hapo nilikwama. Mke amesimama mlangoni, hataki kuingia, amekasirika kwa sababu ya 143. Shujaa inabidi amwambie kitu. Niliandika hotuba nzuri ya ukurasa na nusu, yenye mito na nyota. Nikaisoma kwa sauti. Hata mimi nisingeingia ndani. Nikaifuta, nikachungulia jikoni, nikaandika nilichokiona:

"Rudi. Kikombe chako nakiosha kila Jumapili ingawa hakijatumika. Upande wako wa kitanda sijaulalia. Napikia sufuria ndogo na bado chakula kinabaki. Watu nikiwaambia niko sawa wananiamini. Wewe usiniamini. Rudi."

Basi. Kurasa nyingine za kitabu zimenichukua mwezi kila mmoja. Huu dakika kumi, na hauna hata msamiati.

Fundi simu ndiye aliyeupandisha. Aliusoma akiwa ameshika simu ya mtu mwingine iliyofunguliwa tumbo. Akaiweka chini. Akaniuliza kwa nini nisimpigie tu Mama Watoto nikamwambia. Nikamweleza kwamba haya ni maandishi, fasihi, mhusika anazungumza na mhusika. Akasema sawa, mzee wa mita. Akabonyeza.

Ijumaa, 14 Machi

Saa saba na dakika ishirini. Mstari! Kurasa tano!

144, 145, mpaka 148. Ameusoma. Ameusoma na hakufunga.

Nilikuwa nyumba ya kona yenye bustani. Nikakaa chini kwenye nyasi za watu, mashine mapajani. Mwenye nyumba akatoka akaniuliza kama mita imesoma vibaya. Nikamwambia imesoma vizuri kuliko mita zote nilizowahi kuziona. Akaniletea maji ya kunywa, nadhani alidhani ni jua.

Nimenunua mashuka mapya. Nimekitoa kikombe chake kabatini, nikakiweka mezani, nikakirudisha, nikakitoa tena. Jioni sikumpigia. Mtu akishasema jambo kama lile kwa maandishi, hatakiwi kuliharibu kwa mdomo. Nimeiweka simu mbele yangu, nimesubiri yeye apige. Hajapiga. Bila shaka anatafakari.

Jumatatu, 17 Machi

Mambo ya leo nayaandika kwa kifupi.

Nilimpigia Mhariri saa tatu kamili, shati safi ingawa ni simu. Nikajikaza kisabuni. Nikasema nashukuru kwa heshima waliyonipa, lakini kitabu sikishushi. Nina msomaji mmoja ambaye kwangu ni zaidi ya maduka yote, na yuko ukurasa wa 148, na sitamfungia mlango.

Akakohoa. Akasema: mzee wangu, huyo wa 148 ni mimi.

Nikamwambia haiwezekani. Akaniambia taratibu, kama anayemwambia mtu habari ya msiba. Mswada wangu wa karatasi uliharibika mwaka juzi, bomba lilipasuka juu ya meza yao. Waliona haya kunieleza. Barua yangu kali ilipofika ndipo walipojua kitabu kipo mtandaoni, naye akakinunua na kukisoma saa ya chakula cha mchana, maana saa za kazi ni za vitabu vya shule. Alipofika 143 aliona inatosha kuamua. Ijumaa duka likamtumia taarifa kwamba kuna toleo jipya, akachungulia.

Saa ya chakula cha mchana. Jumamosi na Jumapili sifuri. Mstari ulikuwa mbele ya macho yangu siku zote hizo. Nilibonyeza M, mimi.

Akaendelea. Akasema kufufuka kwa marehemu hakumwingii akilini hata kidogo. Lakini pale mlangoni, ile "Rudi", ameisoma mara mbili, na ndio ukurasa mmoja wa kitabu hiki uliomfanya aache kula. Akataka niandike vyote upya kwa sauti hiyo. Kisha akauliza, kama naruhusu swali lisilo la kazi, je, mwenyewe ameshaambiwa? Nikamuuliza mwenyewe nani. Akasema mtu anayeosha kikombe cha mwenzake hivyo si wa kubuni. Nikamwambia shujaa ni mrefu kuliko mimi.

Nikakubali kukishusha. Fundi alikishusha kwa dakika mbili. Mstari umetoweka wote, pamoja na siku zake nzuri.

Nimerudi nyumbani nikakirudisha kikombe kabatini. Nimelia kidogo jikoni. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma hapa.

Jumatano, 19 Machi

Siku kubwa. Nimepata mpango, na safari hii hauna tundu.

Mama Watoto amepiga mwenyewe, saa saba na robo mchana, nikiwa nyumbani kubadilisha betri ya mashine. Mjukuu alikuwa amelala. Akasema binti amepata mahali pazuri pa kumwacha mtoto mchana, yeye sasa hana kazi kubwa pale, begi amelipanga nusu. Akauliza naonaje, aje Jumamosi, au kazi bado zimenibana.

Kisha yeye mwenyewe akaomba radhi. Kile kiungo hajakifungua mpaka leo; simu yake imejaa picha za mjukuu, haipokei kitu kingine. Akasema, lakini sasa hivi mtoto kalala, nisomee wewe kidogo, Baba Watoto, popote tu.

Ukurasa wa 144 ulikuwa mezani mbele yangu, nimeuchapa kwa ajili ya Mhariri. Nikaufungua. Nikasafisha koo.

Hapo akili ikanijia. Mhariri amesema kitabu cha karatasi kitatoka baada ya mwaka mmoja na nusu, mambo yakienda vizuri. Mama Watoto akirudi Jumamosi, siku kitabu kikitoka atakuwa amekaa kwenye kiti kile, kikombe mkononi, anasoma mtu anamwomba arudi. Arudi kutoka wapi? Ukurasa bora wa kitabu umekufa. Lakini akiwa bado kule, kikimfikia kwa posta, kinanukia wino, akafika 144, hapo atajua. Atajua vilivyo, na begi atalipanga lote. Simu zina mikwaruzo. Jambo kama lile haliwezi kupita kwenye simu.

Nikamwambia kitabu husomwa kwenye karatasi, avute subira, kinakuja. Na asiharakishe, mjukuu bado mdogo. Akauliza kama nina uhakika, kama ninakula, kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa kabisa.

Akaniamini. Akasema basi, ataliondoa begi kitandani.

Mwaka mmoja na nusu si mwingi, nimeshahesabu. Mwalimu Mkuu amegonga kuniuliza kama na mimi nimesikia kwamba msomaji wake bado hajakirudisha kitabu, maana yake anakisoma taratibu, kwa kuonja. Nilimwonea huruma sana.

Nimesoma mita yangu kabla jua halijazama. Tangu tarehe mosi: uniti moja. Nimeiandika kama ilivyo.